Jua, Joto na Spreyi ya Seramiki: Majibu kwa Wasomaji

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: hizi chupa za spreyi ya seramiki, yaani dawa ya majimaji inayopulizwa na kuacha tabaka jembamba telezi juu ya rangi, zilizojaa kwenye maduka ya vipuri, zinalinda kweli rangi ya gari dhidi ya jua letu? Tumechagua nane. Neno moja litajirudia sana, kwa hiyo tuliweke sawa mapema. Klia ni lile tabaka la juu kabisa lisilo na rangi ambalo ndilo linalotoa mng'ao. Kwenye gari lililopakwa kiwandani, unene wake kwa kawaida ni maikroni 35 hadi 50, na maikroni ni sehemu ya elfu moja ya milimita. Unywele wako ni mnene kuliko hiyo.

Gari langu ni jeusi na linashinda juani kazini kutwa nzima. Muuzaji ameniambia nikipuliza seramiki joto litapungua na ndani hakutachemka tena. Niamini? (Msomaji, Tabata, Dar es Salaam)

Usiamini. Tabaka linaloachwa na spreyi halifiki hata maikroni moja, na kitu chembamba hivyo hakizuii joto la jua la saa saba mchana. Joto la boneti linaamuliwa na rangi yake: boneti nyeusi juani inaweza kuvuka nyuzi 70, na nyeupe iliyoegeshwa kando yake ikawa chini kwa nyuzi 20 au zaidi. Kuhusu joto la ndani, mlango wake mkubwa ni vioo. Kinga ya kioo cha mbele, filamu nzuri ya vioo na kivuli vitakusaidia. Chupa ya seramiki haimo kwenye orodha hiyo.

Hata hivyo usiitupe, maana faida yake ipo, ila inapitia mlango wa nyuma. Kinachokula rangi ni miale ya jua ya urujuanimno (UV), na kinga kuu dhidi ya miale hiyo imechanganywa ndani ya klia yenyewe tangu kiwandani. Kila klia inapopungua, kinga nayo inapungua. Na nini hupunguza klia? Vumbi linalosuguliwa kwa kitambaa kikavu, sponji yenye mchanga, polishi ya mashine inayorudiwa kila miezi michache ili kuondoa mikwaruzo ileile. Uso wenye seramiki ni telezi, vumbi na matope havigandi sana, unaosha bila kusugua kwa nguvu, na klia inabaki mahali pake miaka mingi zaidi. Kazi yake ni hiyo. Baadhi ya spreyi zina kizuia urujuanimno ndani yake, lakini ni nyongeza ndogo tu.

Nta ya karnauba ya kwenye kopo nayo haina ubaya, inang'aa vizuri, ila huyeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86 na hulainika kabla ya hapo. Kwenye boneti nyeusi ya pwani utaihesabu kwa wiki, si kwa miezi.

Rufu na boneti ya gari yangu zimetoka mabaka meupe kama ukurutu. Nikipaka seramiki yatapotea? (Msomaji, Likoni, Mombasa)

Inategemea mabaka yenyewe ni ya aina gani, na kujua ni kazi ya dakika kumi. Osha sehemu hiyo, ikaushe, kisha pitisha ukucha taratibu kutoka rangi nzima kuingia kwenye baka. Ukisikia ukingo, kama ukingo wa stika, klia imeshabanduka. Hapo hakuna spreyi, nta wala polishi itakayoirudisha, kwa sababu unajaribu kung'arisha kitu ambacho hakipo. Utaona udanganyifu mmoja: ukimwagia maji baka linapotea na rangi inarudi. Maji yanajaza vinyweleo vya rangi iliyo wazi. Spreyi itafanya hivyohivyo kwa siku chache, na muuzaji atakuwa ameshaondoka na pesa yake.

Usipousikia ukingo, chagua eneo dogo, sentimita 10 kwa 10, weka polishi laini kiasi cha punje ya haragwe kwenye sponji na sugua kwa mkono dakika mbili. Angalia sponji. Ikichukua rangi ya gari, hilo ni gari lililopakwa rangi ya tabaka moja bila klia, na ulichokiona juu ni rangi iliyochomwa na jua tu. Hiyo inarudi vizuri, na baada ya polishi seramiki ina maana. Sponji isipochukua rangi lakini ukungu ukaondoka, ngozi ya juu ya klia ndiyo iliyochoka. Inaweza kung'arishwa, mara moja tu na kwa adabu.

Kabla hujampa fundi mashine ya polishi, mwombe apime unene kwa kipima unene wa rangi. Rangi ya kiwandani, tabaka zote pamoja, mara nyingi husoma kati ya maikroni 90 na 150. Chini ya 80, acha kusugua. Juu ya 200, gari limeshapakwa upya wakati fulani. Likisoma 500 na kuendelea, chini kuna puti, ile lipu ya kuzibia mabonde, na mkataba wako na aliyekuuzia ulikuwa na mambo ambayo hayakusemwa.

Kwa rufu iliyobanduka, tiba ni kupaka paneli nzima. Msasa wa namba 320 kulainisha kingo mpaka ukucha usisikie kitu, kisha 600, rangi, na koti mbili za klia yenye kikazio (dawa ya kuifanya ikauke ngumu). Wapo mafundi wanaopuliza klia mpya juu ya ile inayobanduka ili kuokoa muda. Ndani ya miezi michache ya jua zote mbili zinaondoka pamoja, maana mpya imeshika ya zamani na ya zamani haijashika kitu.

Gari langu ni Toyota nyeupe. Rangi haififii, inabanduka vipande vizima kama ganda la yai mpaka inaonekana kijivu chini. Nilipaka seramiki mapema na haikusaidia. Nilikosea wapi? (Msomaji, Dodoma)

Hukukosea. Huo si ugonjwa wa klia. Kwenye baadhi ya Toyota nyeupe, hasa zenye kodi (namba ya rangi) 040 na 070, mwanga wa jua hupenya rangi na kwa miaka kadhaa hudhoofisha mshikamano wa chini kabisa, pale praima (rangi ya msingi) inapokutana na koti la awali la kuzuia kutu. Toyota yenyewe ilieleza hivyo na kuweka mpango wa kupaka upya baadhi ya magari hayo Marekani, na baadaye Australia. Kitu kilichowekwa juu hakiwezi kushika kilichoachana chini. Angalia kibandiko cha gari, mara nyingi kipo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, penye herufi C/TR. Kodi ya rangi imeandikwa hapo. Ukimpa fundi kazi hiyo, akwangue kila kinachobanduka mpaka rangi ikatae kutoka, asiishie pale ganda lilipoishia lenyewe. Na usiruhusu maji ya presha karibu na kingo hizo: mpulizo wa karibu unang'oa kipande cha ukubwa wa sahani.

Nimenunua chupa ya mililita 500, maelezo yote ni ya Kijapani. Naomba hatua, na vipimo, tafadhali. (Msomaji, Arusha)

Tuanze na muda, kwa sababu ndipo wengi wanapoharibu. Paka kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni, kivulini. Weka mgongo wa mkono kwenye boneti kwa sekunde kumi. Ukihisi joto, subiri.

Osha kwa ndoo mbili. Moja ina lita 10 za maji na shampuu ya gari, mililita 30 hivi, nyingine ina maji matupu ya kusuuzia glovu ya kuoshea kila unapomaliza paneli. Sabuni ya unga ya nguo usiiguse: ina magadi makali na hukausha plastiki na mipira. Kama gari lina vitone vya rangi ya kahawia, hivyo ni vumbi la breki lililochoma rangi. Pulizia dawa ya kuyeyusha chuma, iache dakika tatu mpaka tano, itageuka zambarau, suuza kabla haijakauka.

Sasa funika vidole kwa ile karatasi laini ya plastiki inayozunguka pakiti ya sigara na upitishe juu ya rangi. Ukisikia chengachenga, unahitaji udongo wa kusafishia rangi. Kipande cha gramu 50 kinatosha. Kifinye kiwe bapa, lowesha rangi kwa maji ya shampuu, telezesha kwa mstari ulionyooka bila kukandamiza, na ukikunje upya kinapochafuka. Kikianguka chini, kitupe. Hata kama kilikuwa kipya. Mchanga ulioingia humo ni msasa.

Kausha, kisha futa mafuta yote. Chukua alkoholi ya aisopropili ya asilimia 70, mililita 250, ongeza mililita 750 za maji yaliyotoneshwa. Maji hayo ndiyo yale ya betri ya vituo vya mafuta, lakini soma chupa mara mbili, maana tindikali ya betri huuzwa rafu hiyohiyo na kwenye chupa zinazofanana. Usitumie spiriti ya kusafishia vidonda. Baadhi yake imetiwa mafuta ya nyonyo kwa ajili ya ngozi, na seramiki haishiki juu ya mafuta.

Tikisa chupa ya spreyi nusu dakika. Gawa boneti katika miraba ya sentimita 50 kwa 50. Pulizia mara moja, mbili ikiwa kitambaa bado ni kikavu, kwenye taulo la maikrofaiba (kitambaa cha nyuzi laini sana) lenye manyoya mafupi na si kwenye gari, hasa kukiwa na upepo. Sambaza kwa mlalo, halafu kwa wima. Ndani ya dakika moja futa kwa taulo la pili, kavu, la gramu 300 hadi 400 kwa mita ya mraba, ligeuze upande safi na ufute tena. Usipake paneli nzima ndipo urudi kufuta. Gari dogo lote linakula mililita 50 hadi 60, kwa hiyo chupa yako ni ya mara nane hadi kumi. Fundi anayemaliza chupa kwa gari moja anafuta na kuitupa kwenye taulo.

Koti la pili lisubiri saa moja, isipokuwa chupa ikisema zaidi. Mpe mtu anayesoma Kijapani aiangalie chupa, au ipige picha kwa programu ya kutafsiri kwenye simu: takwimu unazozitafuta ni saa za kukauka. Usilowanishe gari kwa muda wa saa 12, na ikiwezekana 24. Taulo zote mbili zioshwe siku hiyohiyo, kwani seramiki ikikauka ndani yake zinakuwa ngumu na zitakwaruza. Kilainishi cha nguo kisiguse taulo hizo, kinaacha mafuta.

Kioo cha mbele kiruke. Waipa zitaanza kuruka na kupiga kelele, na usiku kwenye mvua utaona taa za wanaokuja zikiwa na ukungu.

Nilipaka mchana wa saa saba. Sasa gari lina mawimbi kama ya mafuta ya taa, yanaonekana jioni pembeni ya taa. (Msomaji, Kigamboni)

Boneti ilikuwa ya moto, kimiminika kikakauka kabla hujakisambaza. Unyevu wa hewa ya pwani nao huharakisha, kwa sababu aina nyingi hukazwa na mvuke uliomo hewani. Kama ni leo au jana, rudi asubuhi na mapema, pulizia kidogo juu ya wimbi lenyewe, acha sekunde kumi, futa kwa taulo kavu. Seramiki mpya inalainisha ya zamani. Siku kadhaa zikipita, jaribu kwanza mchanganyiko wa alkoholi tuliouandika hapo juu, na usipofua dafu tumia polishi laini kabisa kwa mkono, kisha paka upya sehemu hiyo tu. Ukiangalia kazi yako, tumia tochi ya simu kutoka pembeni. Jua la juu kabisa huficha mawimbi.

Hapa kwetu kuna kunguru mchana na popo usiku, na maji ni ya kisima. Nimepaka seramiki, lakini madoa ya mviringo yamezidi. Si afadhali nisingepaka? (Msomaji, Unguja)

Madoa ya mviringo yanatoka kwenye maji, hao kunguru na popo hawahusiki. Maji ya kisima yana chokaa na chumvi. Kwenye rangi isiyo na kitu, maji hutandaa kama shuka na kukauka pamoja. Kwenye seramiki hujikunja kuwa matone, kila tone linakaukia mahali pake, na madini yote yanabaki katika duara moja. Kwa hiyo umeona sawasawa: seramiki bila kukausha ni balaa zaidi. Usiache gari likaukie juani baada ya kuoshwa hata kwa dakika tano. Suuzo la mwisho lifanye kwa maji ya mvua uliyokinga kama unayo, na taulo kubwa la kukaushia liwe tayari begani kabla hujafunga bomba. Na upepo wa baharini unapoacha chumvi, suuza kwanza, usifute.

Madoa yaliyopo: siki nyeupe ya kawaida, nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, kwenye kitambaa, kivulini, dakika moja, suuza kwa maji mengi. Rudia mara moja. Yakibaki na ukiyagusa ukasikia shimo, madini yameshakula klia na ni kazi ya polishi.

Kuhusu kunguru, kinyesi cha ndege kina asidi, lakini nusu ya kosa ni ya joto. Juani klia hulainika na kutanuka. Jioni inapoa na kujikaza huku kinyesi kimekauka na kuing'ang'ania, na alama inabaki hata baada ya kuosha. Kwa hiyo kiondoe kabla ya adhuhuri. Usikwangue: laza kitambaa kilicholowa juu yake dakika tano, kisha kiinue pamoja na uchafu. Seramiki inakununulia saa chache tu. Popo ni wabaya zaidi kwa sababu ya mbegu ndogo za matunda waliyokula. Ukifuta kinyesi chao kikiwa kikavu, mbegu hizo zinachora. Na kile kivuli cha mwembe unachokipenda kina utomvu. Utoe kwa alkoholi ileile, tone tone, si kwa thina.

Niko Muscat. Kiangazi hata saa kumi na mbili jioni mkono haukai kwenye boneti. Nifanye lini? (Msomaji, Muscat, Oman)

Fanya kazi hiyo Desemba mpaka Februari na uweke koti nzito ya mwaka wakati huo. Kiangazi fanya marudio mepesi tu, ndani ya maegesho ya chini ya jengo, gari likiwa limelala humo usiku kucha. Usikiuke hilo la kulala, maana injini iliyotoka barabarani inaichemsha boneti kutoka chini hata kama hewa ya maegesho ni ya baridi. Punguza mraba uwe sentimita 40 na ufute mara moja. Maji ya bomba ya kwenu mengi ni ya bahari yaliyotolewa chumvi, hivyo madoa si tatizo kubwa kama la ndugu yako wa Unguja hapo juu. Tatizo lenu ni vumbi. Baada ya upepo wa mchanga usifute gari kavu, hata kwa lile brashi la manyoya lililo kwenye buti. Maji ya presha kwanza, kutoka mita moja.

Fundi amepaka gari langu lote wiki iliyopita. Naweza kuweka seramiki sasa hivi? Na pikipiki je? (Msomaji, Mwanza)

Bado. Rangi mpya inaendelea kutoa thina kwa muda, na ukiifunika mapema itabaki laini au itatoa ukungu. Iliyokaushwa kwenye oveni ya rangi kwa nyuzi 60 ipe mwezi mmoja. Iliyokauka nje chini ya turubai ipe miezi miwili hadi mitatu. Muda huo osha kwa maji na shampuu tu, usiegeshe chini ya miti.

Muulize pia alitumia rangi ya 2K, ile inayochanganywa na kikazio, au NC (nitroselulosi), ile inayokauka kwa thina kuruka tu. Kama hajibu vizuri, lowesha pamba kwa thina na uguse sehemu iliyojificha, ndani ya kifuniko cha tangi. Rangi ikilainika na kuhamia kwenye pamba, ni NC. Hiyo jua la mwaka mmoja huanza kuifubaza, na seramiki juu yake ni suti juu ya shati lililochanika. Tumia pesa hiyo kupakisha upya kwa 2K, hata kama ni boneti na rufu peke yake.

Pikipiki inafaa, tangi na kava za pembeni. Kiti usikiguse, abiria atateleza ukifunga breki. Funika diski ya breki kwa kitambaa kabla hujaanza, na bomba la moshi liruke: spreyi hizi za kulinda rangi hazistahimili joto lile.